Viini 40 vimekaa bure, kazi yako bado iko foleni: klasta hugawiwaje?

Lalamiko ni lilelile karibu kila taasisi yenye klasta. Mtafiti katuma kazi Jumatatu asubuhi. Jumatano bado iko foleni, na huku skrini inaonyesha viini 40 ambavyo havifanyi chochote. Kinachomuuma zaidi, mwenzake wa timu ya jirani katuma yake jana jioni na imeshaanza. Hapo maneno huanza: mfumo una upendeleo, msimamizi ana watu wake, afadhali kila timu ipewe mashine zake ijitegemee.

Mara nyingi upendeleo haupo. Ipo hesabu ambayo hakuna aliyekaa kuieleza. Na tangu kadi za GPU zianze kugombaniwa kwa ajili ya akili mnemba, ugomvi huu umetoka kwa wanasayansi wachache ukaingia benki, kwenye kampuni za simu na vyuoni. Tuifungue hesabu yenyewe.

Tuelewane maneno

Klasta ni kompyuta nyingi zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi ili zitumike kama chombo kimoja. Kila kompyuta ndani yake huitwa nodi. Ndani ya nodi mna viini, yaani sehemu za prosesa zinazopiga hesabu. Mna RAM, meza ya kutandazia data inayoshughulikiwa wakati huo. Na pengine mna kadi za GPU, ambazo hupiga hesabu nyingi ndogo kwa mpigo mmoja. Kazi ni programu unayoituma ikaendeshwe, pamoja na ombi lake: viini vingapi, RAM kiasi gani, kwa muda gani. Huiwashi mwenyewe. Unamkabidhi mratibu, programu inayoamua kazi ipi ianze lini na wapi.

Kwenye utafiti mratibu anayejulikana zaidi ni Slurm, aliyeanzia maabara ya Lawrence Livermore huko California mwanzoni mwa miaka ya 2000. Klasta ya ILRI pale Nairobi humtumia. Lengau, klasta ya Cape Town iliyopewa jina la duma kwa Kitswana, huendeshwa na PBS Pro. Kampuni nyingi hutumia Kubernetes. Majina na amri hutofautiana, mantiki hukaribiana. Hapa mifano mingi itakuwa ya Slurm.

Tuchukue taasisi ya kufikirika yenye nodi 10, kila moja ikiwa na viini 64 na RAM ya GB 256. Jumla ni viini 640 na GB 2,560. Pembeni ziko nodi 2 za GPU, kila moja na kadi 4. Timu ni tatu: jenetiki, hali ya hewa, na timu ya lugha inayofunza mifumo ya akili mnemba.

Saa ya kiini haina ndiva

Wazo la kwanza linalomjia mkuu wa idara ni kugawa nodi: jenetiki nne, hali ya hewa nne, lugha mbili, kila mtu abaki kwake. Linaeleweka haraka, na siku ya kwanza halina ugomvi. Kasoro yake ni kwamba kazi za kompyuta hazitiririki sawasawa. Huja kwa mafuriko. Jenetiki wakipokea data ya sampuli mpya hulemewa wiki mbili, kisha mwezi mzima wako kwenye kusoma matokeo na kuandika. Hali ya hewa hukimbizana kabla ya masika na kabla ya vuli. Ukijenga ukuta kati yao, wiki ile jenetiki wanapohitaji nodi kumi watakuwa na nne, na sita zilizobaki zitakuwa zinakula umeme na kiyoyozi bila kazi.

Wakulima wa Upareni wana ndiva, mabwawa ya jadi yanayokinga maji ya usiku ili yatumike kesho yake kwa zamu. Saa ya kiini haina ndiva. Ikipita bila kazi imepita, huwezi kuichota wiki ijayo. Ndiyo maana ugawaji wowote wenye akili huanza na kanuni hii: kilicho bure kitumiwe na yeyote mwenye kazi mkononi, hata kama kwenye karatasi ni cha mwingine. Saa haihifadhiki, ila haki ya aliyekosa huhifadhika, na inahifadhiwa mahali pamoja tu: daftarini.

Ni daftari kama la Mangi wa dukani, linaloandika nani kachukua nini na lini. Slurm huandika kila kazi: ya nani, ya timu gani, ilishika viini vingapi kwa dakika ngapi. Kisha kila timu hupewa hisa. Hisa si nodi, wala si ahadi kwamba leo utapata kiasi fulani. Ni uwiano ambao mratibu anajaribu kuufikia kadiri siku zinavyokwenda. Tuseme jenetiki wana hisa 40, hali ya hewa 40, lugha 20. Wote wakiwa na kazi foleni, aliye nyuma ya hisa yake hutangulizwa. Mmoja akiwa hana kazi, wengine wanakula nafasi yake bila kuomba ruhusa, na daftari linaandika.

Kanuni ya zamani ya Slurm inaonyesha vizuri jinsi daftari linavyogeuka kuwa zamu. Timu isiyotumia kitu hupata alama 1. Iliyotumia nusu ya hisa yake hupata 0.71. Iliyotumia sawasawa na hisa, 0.5. Iliyotumia mara mbili ya hisa, 0.25, mara tatu, 0.125. Angalia kwamba alama haifiki sifuri. Mlafi hafungiwi nje, anarudishwa nyuma tu, na klasta ikiwa tupu hata yeye atapita.

Tangu toleo la 19.05, Slurm huja na kanuni nyingine iliyowashwa tayari, inayolinganisha kwanza timu kwa timu, kisha watu ndani ya timu. Hii huzaa lalamiko ambalo wasimamizi wengi hushindwa kulijibu: "Sijatuma kazi mwezi mzima, mbona nasubiri?" Jibu ni kwamba wenzako wa timu walikula hisa yenu. Chini ya kanuni hii, timu iliyo nyuma ya hisa yake hutangulia pamoja na watu wake wote, hata yule aliyetumia sana. Nawe usiyetumia chochote ndani ya timu iliyoshiba utasubiri nao. Ukiona hivyo, lalamiko lipeleke kwenye kikao cha timu yako. Amri ya sshare -l inaonyesha safu iitwayo LevelFS: juu ya 1, timu inadai, chini ya 1, inadaiwa.

Daftari hili pia husahau, na hufanya hivyo kwa makusudi. Kama lisingesahau, timu iliyotumia sana Januari ingeadhibiwa hadi Desemba. Slurm asipoelekezwa vingine hupunguza uzito wa matumizi ya zamani kwa nusu kila siku 7. Saa-kiini (kiini kimoja kikishikwa kwa saa moja) 10,000 za leo zitahesabiwa kama 5,000 baada ya wiki moja, 2,500 baada ya mbili, na 625 baada ya nne. Msimamizi anaweza kubadilisha muda huo. Taasisi yenye kazi za siku moja moja inafaa kubaki na wiki. Yenye miradi mirefu, siku 14 au 30 huleta utulivu zaidi. Ukiweka siku 1, utakuwa umeifuta kumbukumbu, na anayetuma kazi kwa mawimbi ya ghafla atashinda kila mara.

Kuna mtego hapa. Alama ya hisa huchanganywa na vitu vingine, hasa muda ambao kazi imesubiri, na kila kimoja huzidishwa kwa uzito wake. Slurm mpya kabisa ana uzito wa sifuri kwa vyote. Msimamizi akigawa hisa akasahau kupanga uzito, hisa hizo ni mapambo. Mwanzo mzuri ni uzito wa 100,000 kwa hisa na 10,000 kwa muda wa kusubiri. Ukiupa muda wa kusubiri uzito mkubwa kuliko hisa, unamzawadia mtu anayemwaga kazi 5,000 Ijumaa jioni: kufikia katikati ya wiki zote zimezeeka foleni, na mwenye kazi moja ya leo hana pa kupenya. Kwa watu wa namna hiyo, wala si wabaya, dawa ni kutuma kazi kama kundi lenye kikomo. Maandishi --array=1-500%50 maana yake ni kazi 500, lakini zisizidi 50 kwa wakati mmoja.

Nusu kwa nusu inaweza kuwa dhuluma kwa wote wawili

Hadi hapa tumehesabu viini tu. Shida ni kwamba kazi hazili kitu kimoja. Tuseme kazi ya jenetiki inahitaji viini 2 na RAM ya GB 32, maana kuunganisha vipande vya jenomu ni kazi ya kumbukumbu. Kazi ya hali ya hewa inahitaji viini 8 na GB 8 tu.

Ukigawa kila kitu nusu kwa nusu, kila timu ina viini 320 na GB 1,280. Jenetiki wataendesha kazi 40, RAM yao iishe, na viini vyao 240 vibaki bila kazi. Hali ya hewa nao kazi 40, viini viishe, na GB 960 zikae kimya. Mgao ni sawa kwa kipimo cha rula, na wote wawili wamepunjwa.

Mwaka 2011 Ali Ghodsi na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha njia ya kutoka hapo. Kila timu ipimwe kwa kile inachokula zaidi kuliko vingine, kisha kiwango hicho ndicho kisawazishwe. Kwenye mfano wetu, kazi moja ya jenetiki hula asilimia 1.25 ya RAM yote, na kazi moja ya hali ya hewa hula asilimia 1.25 ya viini vyote. Zikue pamoja mpaka kitu kiishe, na utafika kazi 64 kwa kila timu: jenetiki viini 128 na GB 2,048, hali ya hewa viini 512 na GB 512. Kila kitu kimekwisha sawasawa. Kila timu ina asilimia 80 ya kile inachokihitaji hasa, na imepata kazi 64 badala ya 40.

Slurm hafanyi hesabu hii kwa umbo lake kamili, lakini anaweza kufundishwa kuandika daftari kwa haki. Abiria wa basi aliyepanda na magunia matatu hatozwi nauli ya kiti kimoja. Vivyo hivyo, kwenye nodi ya viini 64 na GB 256, kila kiini kina GB 4 za kwenda nacho. Kwa hiyo GB 1 ihesabiwe kama robo ya kiini. Mwenye viini 2 na GB 32 ataandikiwa kana kwamba ameshika viini 8, kwa sababu kiasi hicho cha nodi hakitumiki tena na mwingine. Kwenye usanidi, mambo haya hukaa chini ya TRESBillingWeights, na alama ya MAX_TRES humwambia mratibu achukue kilicho kikubwa badala ya kujumlisha.

Bila mpango huo timu ya RAM hula karibu bure. Ni moja ya dhuluma halisi ninazoweza kuzitaja kwenye klasta, na watu huichunguza ya mwisho.

Basi vile viini 40 ni vya nani?

Rudi kwenye zile kazi 64 kwa 64. Hesabu ile ilichukulia klasta kama sufuria moja, lakini klasta ni masufuria kumi. Kazi ya kawaida lazima ikae ndani ya nodi moja. Nodi moja inabeba kazi 6 za jenetiki na 6 za hali ya hewa: viini 60, GB 240. Zinabaki viini 4 na GB 16, ambazo hazitoshi kazi nyingine ya jenetiki wala ya hali ya hewa. Zidisha mara nodi kumi: viini 40 vimekaa bure.

Sasa anakuja mtu anayeomba viini 16 kwenye nodi moja. Skrini inasema 40 viko huru na haidanganyi, lakini vimetawanyika vinnevinne. Ni kama kumwambia mwenye lori kwamba pantoni ya Kigamboni ina nafasi kwa sababu kuna upenyo wa pikipiki huku na upenyo wa pikipiki kule.

Siku nyingine nafasi ziko tupu kwa sababu zimeshikiwa. Hali ya hewa wana kazi inayotaka nodi 4 nzima kwa pamoja. Nodi 3 zimeshakuwa wazi, ya nne itafunguka baada ya saa 5. Mratibu akiruhusu kila kazi ndogo iingie kwenye zile tatu, ile kubwa haitaanza milele. Kwa hiyo anazishikilia. Lakini hazifungi kabisa. Fikiria ukumbi ulioshikwa kwa harusi saa kumi jioni: kamati inayoomba kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba itapewa, na kamati inayosema "tutamaliza tukimaliza" itanyimwa. Kazi yako ya viini 16 ikiwa imeombewa saa 4 itaingia mara moja. Ikiwa imeombewa siku 7, itabaki nje hata kama kwa kweli ingemalizika kwa saa mbili.

Hapo ndipo jirani wa jana jioni alipokupita. Hakukuzidi cheo, aliomba saa 3, wewe uliacha muda wazi, na mratibu akakuandikia muda mrefu kabisa unaoruhusiwa.

Kabla ya kumpigia msimamizi simu, soma sababu ambayo squeue, amri ya kuonyesha foleni, inaandika mwishoni mwa mstari wa kazi yako. Priority maana yake wako wengine mbele yako. Resources: wewe ndiye unayefuata, nafasi tu haijapatikana. AssocGrpCpuLimit: timu yako imegonga kikomo chake cha viini. ReqNodeNotAvail mara nyingi hutokea kunapokuwa na matengenezo yaliyopangwa. Ukiomba siku 3 na mashine zitazimwa kesho kutwa, hutaanza, lakini ukipunguza muda uwe wa kumalizika kabla ya kuzimwa, unaweza kupita leo.

Ombi la uongo

Watu huomba nyingi "kwa usalama", na siwalaumu moja kwa moja. Kazi ikizidi RAM iliyoombwa huuawa, ikizidi muda hukatwa, na aliyepoteza siku mbili za hesabu kwa sababu ya dakika kumi hatarudia kosa. Ila bei yake ni hii: kazi ya viini 2 iliyoombewa GB 128 huku ikitumia 11 inafunga nusu ya nodi. Mbili za aina hiyo zinafunga nodi nzima, na viini 60 vinabaki vimekodoa macho bila RAM ya kufanyia kazi.

Njia ya kati ni kupima. Endesha sampuli ndogo moja, kisha baada ya kumalizika tazama kwa sacct -j ikifuatiwa na namba ya kazi, na --format=Elapsed,MaxRSS,ReqMem. MaxRSS ndiyo RAM iliyotumika kweli. Ongeza asilimia 20 hadi 30 juu ya hapo, basi. Kwenye klasta nyingi amri ya seff inatoa muhtasari huohuo kwa asilimia.

Msimamizi naye ana lake. Slurm asipoambiwa RAM ya kawaida kwa kila kiini, kazi isiyotaja RAM inaweza kupewa RAM yote ya nodi. Mtu mmoja, kiini kimoja, nodi nzima imefungwa, naye hajui. Kwenye klasta yetu ingetosha kuandika DefMemPerCPU=4000, na RAM iliyotangazwa ya nodi ipunguzwe kidogo ili mfumo endeshi upumue. DefaultTime nayo iwe fupi, saa 1 kwa mfano, ili asiyetaja muda alazimike kuufikiria. Na mipaka yoyote utakayoiandika kwa timu hubaki karatasi tupu mpaka AccountingStorageEnforce iwe na neno limits.

Kuazima, na kushushwa njiani

Kuazima kilicho bure ni kuzuri hadi mwenyewe arudi. Kama jenetiki wamejaza klasta yote kwa kazi za siku 7, hali ya hewa wakirudi wakiwa na alama 1 bado watasubiri, kwa sababu alama hupanga foleni tu. Haimtoi aliyekwisha kukaa. Watu wengi hawalioni hili: kasi ya kurudishiwa haki haiwezi kuizidi kazi ndefu kuliko zote inayoruhusiwa. Kwa hiyo kikomo cha muda ni chombo cha haki kuliko kinavyoonekana. Saa 24 kwa foleni ya kawaida, na nodi 2 tu kati ya 10 kwa kazi za siku 7, kunabadilisha hali kuliko kikao chochote.

Njia kali zaidi ni foleni ya ziada: yeyote anaweza kuingia humo akatumia kila kilicho bure nje ya hisa yake, kwa sharti kwamba mwenye haki akija atashushwa, na kazi irudi foleni ianze upya. Inafanya kazi vizuri kwa programu zinazohifadhi hatua zilipofikia. Ukihifadhi kila dakika 30, ukishushwa unapoteza dakika 30 kwa wingi. Usipohifadhi, kazi ya saa 20 inaweza kushushwa saa ya 19, ikaanza mwanzo, ikashushwa tena. Viini vinapata joto na hakuna kinachozaliwa. Mpe anayeshushwa dakika 5 za kufunga mizigo, na programu ifundishwe kuipokea ishara hiyo. Programu isiyoweza kuhifadhi hatua isiingizwe kwenye foleni ya ziada, hata mwenyewe akisisitiza.

Kadi za GPU

Hapa ndipo sauti hupanda, maana kadi ni chache na ghali. Kwenye nodi yenye viini 64 na kadi 4, kila kadi ina viini 16 vya kwenda nayo. Mwenye kadi moja akichukua viini 64, kadi tatu zimekwama: zipo, ni nzima, hakuna kiini cha kuzilisha. Kwa hiyo weka kikomo cha viini 16 kwa kadi, usiruhusu kazi zisizo na GPU kwenye nodi hizo, na daftarini kadi moja iandikwe angalau kama viini 16. Wengi huiandika zaidi ya hapo kwa sababu ya bei yake, na wana haki.

Maradhi makubwa zaidi ni ya mtu anayefungua kikao cha kuandika programu moja kwa moja kwenye kadi asubuhi, akaenda chakula cha mchana, kikao, nyumbani. Kadi imeshikwa, matumizi yake ni asilimia 0. Kikao cha namna hiyo kiwe na kikomo cha saa 8 na kadi moja kwa mtu. Baadhi ya kadi zenyewe hugawika: A100 ya NVIDIA inaweza kukatwa vipande hadi 7, na kila kimoja kikatumiwa na mtu wake kwa majaribio madogo, huku kadi nzima zikiachwa kwa mafunzo ya kweli.

Wa Kubernetes wasome hapa

Huko kikomo cha timu huitwa ResourceQuota, na watu wengi hukichukulia kama hisa. Sivyo. Ni ukuta: ukizidi, ombi linakataliwa palepale, halipangwi foleni, na huwezi kuazima cha jirani aliyelala. Kwa kazi za hesabu ndefu unahitaji nyongeza kama Kueue, ambayo huweka foleni na kuruhusu timu zilizo kwenye kundi moja kuazimana mgao usiotumika na kurudishiana. Jambo jingine: ukizidisha CPU juu ya kikomo unapunguzwa mwendo, ukizidisha RAM unauawa. Namba 137 kwenye kontena (kifurushi ambamo Kubernetes huendesha programu) iliyokufa mara nyingi inasema hilo.

Hisa hupangwa na watu

Programu haijui kama jenetiki wanastahili 40 au 25. Hilo ni la kikao, na kikao kizuri huanza na takwimu za mwezi mmoja au miwili za daftari kabla ya kutaja hisa yoyote, vinginevyo kila timu itaomba kwa hofu. Nani alichangia fedha za ununuzi ni kigezo halali. Mahitaji ni kigezo kingine. Ningetenga pia asilimia 10 hivi kwa wageni na wanafunzi wasio na timu kubwa. Hisa zipitiwe kila robo mwaka, na ziwekwe mahali ambapo kila mtumiaji anaweza kuzisoma.

Kisha kuna simu ya mkubwa: "Sukuma kazi ya fulani, ina mkutano kesho." Itapigwa tu, kwa hiyo iwekewe mlango. Nodi zihifadhiwe kwa tarehe na saa zinazojulikana, tangazo litolewe mapema, na saa zote ziandikwe kwenye hisa ya timu iliyoomba. Timu ikijua italipa wiki inayofuata, maombi ya dharura hupungua sana.

Kilichobaki ni kile ambacho daftari hili halikioni kabisa. Mratibu huhesabu viini, RAM na kadi. Diski ya pamoja hapimi. Kazi moja inayoandika mafaili madogo milioni moja kwenye saraka moja inaweza kuzubaisha klasta nzima, huku sshare ikionyesha timu hiyo haijatumia kitu. Weka kikomo cha ukubwa na pia cha idadi ya mafaili kwa kila timu, na kazi za namna hiyo ziandike kwanza kwenye diski ya ndani ya nodi, kisha zifunge mafaili yote kuwa kifurushi kimoja cha tar kabla ya kukirudisha. Na nodi ya kuingilia, ile unayoifikia kwanza kwa ssh, haiko kwenye foleni yoyote. Anayeendesha hesabu zake pale hasubiri mtu wala haandikwi popote, na wengine wote wanaona maandishi yao yanachelewa kutokea kwenye skrini.